Mwendelezo wa Masimulizi ya Jiji la Kubuni katika Matoleo ya Mchezo wa Mezani: Mfano wa Waterdeep

Ikisiri
Makala hii inafafanua namna masimulizi ya jiji la kubuni yanavyodumu ilhali kanuni za mchezo unaoyabeba zinabadilika. Inajengwa hoja kwamba mwendelezo hautokani na uthabiti wa maelezo, bali na uwezo wa matini kuyafanya mabadiliko kuwa sehemu ya hadithi.

1.0 Utangulizi
Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wachezaji husimulia kwa pamoja, na kitabu cha kanuni huamua lipi linawezekana. Waterdeep ni jiji la bandari katika Forgotten Realms, ulimwengu uliobuniwa na Ed Greenwood na kutumika katika mchezo wa Dungeons & Dragons. Jiji hilo lilipata kitabu chake mwaka 1987, likaelezwa upya mwaka 1994, 2005 na 2018. Kanuni nazo zilibadilishwa mwaka 1989, 2000, 2008 na 2014. Kwa nini, basi, msomaji hulitambua kuwa jiji lilelile?

2.0 Kanuni Kugeuzwa Historia
Mbinu ya kwanza ni kulipa badiliko la kanuni sababu ya kihadithi. Toleo la mwaka 2008 lilipobadilisha kanuni za uchawi, kifo cha Mystra, mungu wa kike wa uchawi, kilitajwa kuwa chanzo, na kalenda ya ulimwengu huo ikasogezwa mbele takriban miaka 100.

3.0 Mhusika na Msimulizi
Mruko huo ulipaswa kuwaondoa wahusika wa kibinadamu. Hata hivyo, Durnan, mwenye nyumba ya wageni ya Yawning Portal, bado yupo. Kitabu cha mwaka 2017 kinaeleza kwamba hazina alizotoka nazo katika mahandaki ya Undermountain zilirefusha uhai wake. Pengo la wakati limezibwa kwa hadithi, na mahali pamebaki na mwenyewe.

Mbinu nyingine ni msimulizi asiyeaminika. Mwongozo wa mwaka 1992 unasimuliwa na Volo, msafiri mwenye kutia chumvi, huku mchawi Elminster akimsahihisha katika tanbihi. Kitabu cha mwaka 2018 kinampa Volo nafasi tena. Kwa hiyo, maelezo yanapokinzana, kosa huweza kuwa la msimulizi, si la jiji.

4.0 Hitimisho
Mwaka 2021, Wizards of the Coast, wamiliki wa mchezo huo, walitangaza kwamba kwa toleo la tano, vitabu vya mchezo vilivyotolewa tangu 2014 pekee ndivyo rasmi. Hivyo, kitabu cha mwaka 1994 kilipoteza urasmi, lakini hakikupoteza wasomaji: kikundi chochote kinaweza kukifungua mezani na kulicheza jiji lake. Ni muhimu, kwa hiyo, kutofautisha mwendelezo unaoidhinishwa na mmiliki na ule unaotunzwa na wachezaji. Wa kwanza hufutika kwa tangazo. Wa pili hukoma pale tu wasimulizi wanapoacha kusimulia.