Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Kisa cha Qin Xianglian, Mke Aliyedhulumiwa

Huko Uchina, mwanamume apataye cheo kisha akamtupa mke aliyevumilia naye dhiki huitwa "Chen Shimei". Anayelisikia jina hilo hahitaji maelezo zaidi. Limetoka katika mchezo wa kuigiza wa kale ambao umeimbwa majukwaani kwa vizazi vingi, ukatiwa katika filamu, na hatimaye ukaingia katika televisheni. Watazamaji wanaujua mwisho wake kabla pazia halijafunguliwa, na hata hivyo hukaa mpaka mwisho. Wanaingojea saa ile ambapo mwanamke maskini, aliyefika mjini kwa miguu na watoto wawili, atasimama mbele ya hakimu na kumshitaki mkwe wa nyumba ya mfalme.

Wahenga wa pwani yetu walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Wachina walilisema jambo hilo hilo kwa tamthilia nzima, wakaongeza swali ambalo methali haikulijibu: mbachao ulioachwa una haki gani?

KISA CHENYEWE

Mchezo huo huitwa Zha Mei An, yaani "Kesi ya Kukatwa Chen Shimei". Umewekwa katika enzi ya ukoo wa Song, karne ya 11, wakati mji mkuu ulipokuwa Kaifeng. Chen Shimei ni msomi maskini aishiye shamba na wazazi wake wazee, mkewe Qin Xianglian, na watoto wao wawili. Katika majina ya Kichina ukoo hutangulia, na mke hakuliacha jina la ukoo wa baba yake. Kwa hiyo mke ni wa ukoo wa Qin, na Xianglian ni jina lake mwenyewe, lenye maana ya yungiyungi linukialo.

Siku zile mitihani ya serikali ndiyo iliyokuwa mlango wa utumishi. Mwana wa mkulima aliyeishinda aliweza kuwa mtu mkubwa. Chen anaaga, anakwenda Kaifeng, na anatokea wa kwanza. Katika jumba la mfalme anaficha kwamba ana mke na watoto, na binti wa kifalme anaozwa kwake.

Nyumbani hakuna barua wala habari. Mvua zinakosekana, njaa inaingia, na wale wazee wawili wanafariki dunia. Mwana wao hayupo. Anayewauguza, kuwazika na kuwalilia ni mkaza mwana wao. Baada ya hapo Xianglian anawashika watoto mikono na kuianza safari ya kumtafuta mume.

Chen anamkana mlangoni na kuamuru afukuzwe. Waziri mzee, Wang Yanling, anamhurumia mama huyo na kumwingiza katika karamu ya siku ya kuzaliwa kwa Chen, akijifanya mwimbaji wa kutumbuiza wageni. Xianglian anaimba maisha yake mwenyewe mbele ya mume wake. Moyo wa Chen haulainiki. Anamtuma mlinzi wake, Han Qi, awafuate mama na watoto na kuwaua usiku huo.

Han Qi anawakuta hekaluni. Anapousikia ukweli anashindwa kuutimiza wajibu aliotumwa. Na kwa kuwa hawezi kurudi mikono mitupu, anajiua kwa upanga wake. Upanga huo Xianglian anauchukua. Mwanamke ambaye hakuwa na shahidi sasa ana ushahidi mkononi, nao umetoka katika nyumba ya mshitakiwa.

HAKIMU MWENYE USO MWEUSI

Hakimu anayemwendea ni Bao Zheng. Huyu aliishi kweli, kuanzia mwaka 999 hadi 1062, na aliwahi kuwa mkuu wa mji wa Kaifeng. Sifa yake ya kutopokea rushwa iliwafanya watunzi wampe kesi nyingi ambazo hakuzihukumu kamwe, na hii ya Chen Shimei ni mojawapo. Jukwaani uso wake hupakwa rangi nyeusi, ishara ya mtu mnyofu asiyependelea, na katika paji la uso huchorwa mwezi mwandamo.

Bao anajaribu kwanza kumshauri Chen amkubali mkewe. Chen anakataa kwa kiburi. Kesi inapofika kwenye hukumu, binti wa kifalme anaingia mahakamani, na nyuma yake anakuja mama wa mfalme. Hapo ndipo mchezo unapofikia kilele chake, kwani hata Bao anayumba. Anampa Xianglian wakia 300 za fedha na kumwambia arudi kwao akawalee watoto.

Mama huyo anaangua kilio. Anasikitika kwamba yule aliyesifiwa kuwa mwadilifu naye ni kama wengine, na kwamba wakubwa hulindana. Maneno hayo yanamchoma Bao kuliko vitisho vyote vya jumba la mfalme. Anaivua kofia yake ya cheo, akiwa tayari kupoteza kazi na hata maisha, na kuamuru hukumu itekelezwe. Chen anakatwa kwa panga kubwa lenye kichwa cha joka, lililotengwa kwa ajili ya watu wa nyumba ya mfalme.

KWA NINI HAKUFANYWA MKE MWENZA?

Msomaji wa huku kwetu huenda akauliza: kwa nini Chen hakuoa mke wa pili tu, akamweka Xianglian nyumba ya kando? Jibu limo katika sheria za ndoa za Uchina ya kale, na bila kulijua jibu hilo tamthilia nyingi za Kichina hazieleweki.

Katika sheria za enzi ya Tang, zilizotangazwa mwaka 653, mume alikuwa na mke mmoja tu wa halali. Aliweza kuongeza masuria, lakini hao walikuwa chini ya mke kwa cheo na kwa haki. Mwenye mke aliyeoa mke mwingine alihukumiwa mwaka mmoja wa kazi ngumu. Ikiwa alidanganya kuwa hana mke, mwaka mmoja na nusu. Na ndoa ile ya pili ilivunjwa. Enzi ya Song ilizirithi kwa sehemu kubwa sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 963.

Basi Chen amejifungia mlango. Binti wa kifalme hawezi kuwa suria, na nyumba moja haina nafasi ya wake wawili wa halali. Njia iliyobaki ni kumwacha Xianglian. Je, angeweza?

SABABU SABA NA NGAO TATU

Sheria ilimpa mume sababu saba za kumwacha mke: kukosa mtoto wa kiume, uzinzi, kutowatii wakwe, maneno mengi, wizi, wivu, na maradhi mabaya. Ni orodha ya kutisha, na wanawake wengi waliangamia kwayo. Lakini sheria iyo hiyo iliweka ngao tatu. Mke hakuachwa ikiwa amekaa matanga ya wakwe zake kwa muda wote uliowekwa na desturi; ikiwa mume alikuwa maskini walipooana na sasa ametajirika; au ikiwa mke hana tena jamaa wa kumrudia. Aliyemwacha mke mwenye ngao mojawapo, hata kama sababu ilikuwapo, alichapwa fimbo 100, na mke alirudishwa nyumbani. Ni uzinzi na maradhi mabaya tu yaliyoiondoa kinga hiyo.

Mtu akikisoma tena kisa cha Xianglian baada ya kuzijua ngao hizo, anaona kwamba hakuna jambo lililotiwa humo bure. Njaa ile, vifo vya wazee, mazishi, umaskini wa zamani na utajiri wa sasa, vyote ni vipengele vya madai yake. Anapolia mbele ya mlango wa Chen haombi huruma. Anataja kazi aliyoifanya, na kwa kazi hiyo hawezi kutupwa. Chen analijua hilo, ndiyo maana anatuma upanga badala ya talaka. Na jukwaani anauawa kwa sababu ya upanga huo na uwongo aliomdanganya nao mfalme, kwa kuwa kosa la ndoa peke yake lisingemfikisha kwenye kifo.

ZHAO WUNIANG NA WISHWA

Xianglian ana dada yake katika fasihi. Katika karne ya 14 mtunzi Gao Ming aliandika Pipa Ji, yaani "Kisa cha Pipa", ambayo ni ala ya nyuzi inayofanana kidogo na udi. Humo bwana arusi Cai Bojie anasukumwa na baba yake kwenda kufanya mtihani miezi miwili tu baada ya harusi. Anashinda, na waziri mkuu anamlazimisha kumwoa binti yake.

Nyuma njaa inaingia. Mke wake, Zhao Wuniang, anawapikia wakwe zake mchele mchache uliopatikana, naye anajificha kula wishwa. Mama mkwe anamshuku kwamba anakula kitoweo kizuri kwa siri. Anapomfumania na kuyaona makapi yale, majuto yanamwua. Baba mkwe anamfuata. Wuniang anakata nywele zake na kuziuza ili apate gharama za mazishi, anawajengea kaburi kwa mikono yake, kisha anashika njia ya mji mkuu akiomba riziki kwa kupiga pipa.

Katika mchezo wa zamani zaidi wa kisa hicho, mume alimkana, naye akauawa kwa radi. Gao Ming aliubadili mwisho. Mume wake hakusahau, ila alizuiwa. Na yule mke wa pili ana utu, anampokea Wuniang na kumpa heshima ya mkubwa. Lakini katika mwisho wote wawili, wa radi na wa mapatano, jambo moja halibadiliki: haki ya mke imejengwa juu ya wazee aliowatunza.

WEMBE WENYE MAKALI PANDE MBILI

Haifai hata hivyo kudhani kwamba desturi ile ilikuwa ngao tu. Shairi refu la kale kuhusu Liu Lanzhi, ambalo limewekwa katika miaka ya 196 hadi 220 na baadaye kuigizwa sana, laonyesha upande wa pili. Lanzhi alikuwa mfumaji hodari. Alimaliza majora matano ya kitambaa kwa siku tatu, na bado mama mkwe alisema ni mvivu. Mume wake, Jiao Zhongqing, alimpenda, lakini hakuweza kumpinga mama yake. Lanzhi akarudishwa kwao, kaka yake akamlazimisha kuolewa na mwingine, na usiku wa harusi akajitosa majini. Zhongqing naye akajinyonga.

Hapo tatizo laonekana wazi. Wakwe wakiridhika, mke amelindwa. Wakikasirika, hana pa kusimama. Xianglian na Wuniang walipata nguvu ya kudai baada ya wakwe kufa. Lanzhi alikuwa na mkwe aliye hai.

KUTOKA JUKWAANI HADI SEBULENI

Tarehe 1 Mei 1950 Jamhuri ya Watu wa China ilitoa Sheria ya Ndoa. Ilipiga marufuku kuwa na wake wawili, kuweka masuria, kuwaposa watoto wadogo na kuwazuia wajane kuolewa tena, na ikampa mke haki ya kudai talaka sawa na mume. Tangu hapo mke hakuhitaji kuwazika wakwe ili awe na haki mahakamani.

Hata hivyo Xianglian hakusahauliwa. Mwaka 1955 kisa chake kilitolewa kwa filamu, na mwaka 1964 kikatolewa tena kwa mtindo wa opera ya Peking. Mwaka 1993, televisheni ya Taiwan ilipoanza tamthilia ya hakimu Bao yenye vipindi 236, kesi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Chen Shimei. Tamthilia nyingi za kihistoria zilizofuata, zenye majumba makubwa, mashauri ya siri na wake wanaosingiziwa, zimepita katika njia iliyofunguliwa na michezo hiyo.

Afrika Mashariki nayo imeonja mkondo huo kwa lugha yake. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili kuhusu Doudou na mama wakwe zake. Hiyo ilikuwa hadithi ya siku hizi, isiyo na mfalme wala upanga. Lakini aliyekuwa amekisikia kisa cha Lanzhi angeelewa kwa nini Wachina hawachoki kuutazama mlango wa mama mkwe.

Katika kila nyumba kuna kazi isiyoandikwa popote: mgonjwa aliyegeuzwa kitandani usiku, maji yaliyochotwa, chakula kilichopunguzwa sahani moja ili kitoshe sahani nyingine. Aliyeondoka kutafuta cheo haikuiona kazi hiyo, na ni rahisi kwake kuamini kwamba haikufanyika. Fedha wakia 300 zilikuwa nyingi, zingemlisha Xianglian na wanawe kwa miaka. Lakini alikuwa amekwenda mahakamani kutaka jambo lingine: mume wake atamke mbele ya watu kwamba huyu ni mke wangu, hawa ni watoto wangu, na wazee wangu alizika yeye.