Shamba Jeupe na Mvua Inayokimbia

Oktoba ikifika, Singida hunukia moshi. Iramba, Mkalama, Ikungi, kote mabua ya alizeti yanakusanywa na kutiwa kiberiti, na shamba linabaki jeupe likingoja mvua. Asiyechoma huitwa mvivu. Nyuma ya moshi huo kuna imani mbili: kwamba majivu ni mbolea, na kwamba shamba likisafishwa mazao hupata maji yote.

Ya kwanza ina ukweli nusu, ndiyo maana haifi. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi, na mahindi yaliyoota palipochomwa rundo hustawi kweli. Lakini naitrojeni, kirutubisho ambacho mkulima huenda kukinunua dukani kwa jina la urea, hupaa na moshi karibu yote. Kinachobaki ni unga mwepesi, katika mkoa ambao upepo wake unajulikana. Usipopeperushwa, mvua ya kwanza huusomba.

Imani ya pili inatugharimu zaidi, na jibu lake lilishapatikana zamani, tena hapa jirani. Miaka ya 1930, huko Mpwapwa, mtafiti aitwaye Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, akapima maji na udongo vilivyotiririka kutoka kila kimoja. Kwenye kichaka kisichoguswa, chini ya asilimia 1 ya mvua ndiyo iliyokimbia. Kwenye majani, kama asilimia 2. Shamba la nafaka lilipoteza asilimia 26, na ardhi tupu nusu nzima ya mvua, pamoja na udongo wa tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kwa ekari, hizo ni zaidi ya tripu 8 za lori la tani 7. Kwenye kichaka na majani, udongo haukuondoka.

Chukua mvua ya Singida, tuseme milimita 600. Ekari moja hupokea lita zipatazo milioni 2.4. Ikiwa tupu kama kile kipande cha Mpwapwa, milioni 1.2 zinashuka bondeni, kisha mwezi Machi tunalia ukame. Mvua ilinyesha, shamba ndilo lililoikataa.

Linaikataaje? Tone likianguka kwenye udongo usio na kitu juu yake hupasua chembe zilizoshikamana. Vumbi laini linaziba vitundu vya kupitishia maji, na jua likiwaka, uso wa shamba unakauka na kuwa ganda gumu. Mvua inayofuata inateleza juu yake kama kwenye bati. Bua lililolala hapo lingelipokea tone, likavunja kishindo chake. Ni kazi ndogo, haihitaji mtambo.

Wengi wakisikia habari ya mmomonyoko humnyooshea kidole ng'ombe. Kondoa, mwaka 1979, mifugo iliondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoliwa na makorongo, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), na majani yakarudi. Lakini Wanyaturu wa hapa Singida wamelima mashamba ya karibu na nyumba kwa vizazi kwa kutegemea samadi ya zizini, na samadi husaidia chembe za udongo kushikamana. Kosa ni uchi wa ardhi, awe ameuleta ng'ombe, plau au kiberiti.

Ugumu upo, na wataalamu wa mijini huupita haraka mno: baada ya mavuno mifugo huingia mashambani, na mabua ya mtama ndiyo chakula chake cha kiangazi. Huwezi kumwambia mfugaji ayaache yaoze. Ya alizeti ni habari nyingine. Ni magumu, ng'ombe huyasusa, na ndiyo hayo tunayoyapiga moto. Yakilazwa kwa mistari inayokata mteremko, maji hupunguza mbio na udongo hutua nyuma yake. Kama kuna yanayohitajika jikoni kwa kuni, yachukuliwe. Yaliyobaki yalazwe kabla ya Novemba.