Pweza Anabaki Nje ya Baa

Oya, tuelewane mapema. Ukizama baa Tanga na kumwambia mhudumu akuletee kitu cha kudonoa, atakuletea ng'ombe. Mishkaki, au nyama choma na ndizi mbili, au kiti moto kama baa ni ya upande huo. Bahari iko hapo nyuma, harufu yake unaipata kabla hata hujafungua kizibo, ila mezani amelala mnyama wa Handeni. Hii ishu imenikera siku nyingi. Ijumaa moja nikakusanya wana, tukakubaliana kuzunguka jiji kwa vipande vidogo vidogo. Marufuku ubwabwa, marufuku sahani ya kushiba.

Kikosi kilikuwa hiki: mshkaji wangu wa Moshi, mtu wa nyama, anayeamini samaki ni aina ya mboga. Mwingine binamu yangu wa Mombasa, kavuka Horohoro asubuhi na mdomo wake, Sheng mwanzo mwisho.

Tulianzia Patwas, pale katikati ya mji, kwa sababu ukisema uanzie kwingine utakuta wameshafunga. Juisi baridi, sambusa, hakuna kilevi wala spika ya kukupasua masikio. Ni chimbo la wazee na sisi tuliingia kwa adabu zote. Sina neno pale.

Ngamiani ndiyo mtihani wenyewe. Barabara zimepangwa kwa namba, ya kwanza mpaka ya 21, kwa hiyo ukipotea umejitakia. Jua likishuka tu, makarai yanatoka nje ya nyumba, mafuta yanaanza kuimba na kitaa kizima kinanukia kitunguu na binzari. Tukasimama kwa bimkubwa mmoja mwenye meza fupi na beseni la kachori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Za moto hizi, au mnataka za kubeba?"

Za moto, bila mjadala. Kachori ya Tanga inataka kuliwa hapo hapo: kiazi kilichopondwa na ndimu na pilipili, kimevalishwa unga wa dengu, nje kimekakamaa kidogo, ndani laini kinyama. Pembeni kuna bajia za kunde, kuna katlesi, kuna chatini ya nazi kwenye ndoo ndogo. Hiyo chatini ndiyo inayotenganisha mabingwa na wababaishaji. Nazi ikiwa ya jana unajua kabla hujameza.

Binamu akatafuna kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu akatoa hukumu: "Manze, viazi karai zetu za Mama Ngina ni fiti, lakini hii chatini imeweza. Na doh ni kidogo aje?" Kweli, tulichangishana sarafu tu, buku haikuisha.

Sasa twende baa. Jina naliacha, maana mwenye nayo ni jirani. Kwa wasiojua: baa nyingi za Bongo kaunta ina mwenyewe na jiko lina mwenyewe. Mmoja anauza vinywaji, mwingine kakodi jiko, na ndiyo maana unaletewa bili mbili. Mtu wa jiko anataka kitu cha uhakika, kila siku kipo, kila siku bei ni ile ile. Ng'ombe anampa hiyo amani. Mara nyingi mwenyewe ni mtu wa bara, anachoma anachokijua. Mshkaji wa Moshi akaanza kujisifu kwamba nyama imewafuata watu wa pwani mpaka mlangoni. Nikamkumbusha kwamba reli ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ikafika kwao 1911, kwa hiyo sisi ndio tuliwafuata. Mishkaki ilikuwa poa, siwezi kudanganya. Laini, chumvi ya kutosha, limao. Lakini mishkaki ya hivyo unaipata hata Singida.

Na hapo hapo, hatua chache kutoka mlangoni, upande wa barabarani, kasimama jamaa na meza yake, taa ya chaji, sufuria inafuka. Pweza.

Hapa naomba tukae kidogo. Pweza hapikwi kwa pupa. Anapigwa kwanza, anapondwa mpaka ukaidi umtoke, ndipo anachemshwa. Jamaa anaukata mnyiri vipande vidogo kwenye ubao, anakupa kijiti cha meno, unachomoa, unachovya kwenye pilipili ya ndimu. Kikombe cha supu kinakuja kivyake, kizito, rangi ya zambarau iliyochoka. Kuhusu ile nguvu ya kiume inayotangazwa kila kona, jamaa alituangalia, akamwangalia na binamu, akasema tu, "Hiyo kila mtu atajua nyumbani kwake." Mzee baba, heshima.

Nilimuuliza mbona bei imepanda. Akajibu kama mwalimu wa jiografia: "Mgosi, maji mafu haya. Bamvua likija, rudi." Ukweli wenyewe ndio huo. Pweza wengi wanatafutwa kwa miguu kwenye miamba, fimbo mkononi, maji yakitoka mbali, na maji hutoka mbali zaidi siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kina mama wa vijiji vya mwambao kusini mwa jiji wanaijua kalenda hiyo kuliko sisi tunavyojua tarehe ya mshahara. Katikati ya mwezi na mwezi, mzigo unapungua. Ongeza na wanunuzi wa viwandani wanaochukua wale wakubwa na kuwapeleka Ulaya. Anayebaki kitaani ni mdogo wake. Ng'ambo Pemba kuna vijiji vinavyofunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza akue, na anakua fasta kweli, maana maisha yake yote ni kama mwaka tu. Mtu wa jiko la baa hawezi kuendesha biashara kwa ratiba ya mwezi. Namwelewa, ila bado nalalamika.

Basi nikasema twende Raskazone, kule kwenye upepo na bustani, labda matajiri wameliona tatizo. Hoteli moja ya ufukweni, jina nalo naliacha, ina menyu ya kurasa nyingi na sehemu nzima ya sahani ndogo. Tukaagiza ngisi. Zikaja pete zimevishwa unga mzito, zimekaangwa, na mayonezi pembeni. Pete sita tamu kiasi, bei ya kukufanya ukae wima. Nadhani tangu bomba la mafuta kutoka Hoima lianze kuja Chongoleani, kilomita 1,443, jiji limepata wageni wenye posho, na menyu zinaandikwa kwa ajili yao. Si dhambi. Ila ngisi yule angepata nazi na ukwaju angekuwa mtu mwingine kabisa.

Mshkaji wa Moshi, pombe ishapanda, akamuuliza mhudumu kama wana silikanti. Dada wa watu akacheka. Kwa faida ya wengine: yule samaki wa enzi za dinosaria ana hifadhi yake rasmi hapa Tanga tangu 2009, haagizwi na chipsi.

Tulirudi Ngamiani kwa bajaji. Baa ilikuwa imejaa, na jamaa wa pweza alikuwa na foleni ya watu waliotoka ndani, wengine chupa mkononi. Nikamuuliza kwa nini asiingize meza yake ndani, mwenye baa si angefurahi.

"Alishaniita," akasema. "Mimi mle siingii, swala yangu. Na yeye hapa nje hanitoi, wateja wake. Tumeelewana."

Binamu akaongeza kikombe. Mshkaji wa Moshi, yule wa samaki ni mboga, alikuwa ameegemea meza, kijiti mdomoni, anamdadisi jamaa mwezi unaandama lini.