Wageni Waliorudi kwa Ndugu Zao: Wabantu wa Somalia katika Filamu na katika Ardhi ya Handeni

Miongoni mwa filamu zinazoeleza hali ya mtu aliyesukumwa pembezoni mwa jamii, huku akitamani kupendwa na kuhesabiwa kuwa ndugu, Rain in a Dry Land inawahusu kwa namna ya pekee wakazi wa Handeni na Korogwe, ingawa matukio yake yanatokea Kenya na Marekani. Hii ni filamu ya makala, yaani filamu inayofuatilia maisha ya watu halisi badala ya waigizaji. Iliongozwa na Mmarekani Anne Makepeace, ikatolewa mwaka 2006, na inazifuata familia mbili za Wabantu wa Somalia kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma hadi miji ya Springfield na Atlanta.

Wabantu wa Somalia ni jina la jumla la wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na miongoni mwao wamo Wazigua. Katika miaka ya 1830 ukame ulileta njaa kali Uzigua, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya za Handeni, Kilindi, Korogwe na Pangani. Kwa mujibu wa simulizi za Wazigua wenyewe, watu walioteremka pwani kutafuta chakula walidanganywa kwamba watapata kazi na posho, kumbe walipakiwa majahazini na kupelekwa utumwani Barawa, kusini mwa Somalia. Simulizi hizo zinamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza waliotoroka, ambao nia yao ilikuwa kutembea hadi nyumbani, lakini safari ikaishia katika misitu ya bonde la mto Juba, wakafyeka mashamba na kujenga vijiji. Huko walidumisha lugha ya Kizigua pamoja na mviko, yaani matambiko yanayowaunganisha watu wa ukoo mmoja wa upande wa mama, na kwa njia hiyo kumbukumbu ya kwao ikarithishwa kizazi hadi kizazi.

Kufutwa kwa utumwa hakukuwaondolea Wabantu hao unyonge. Waliendelea kuitwa jareer, neno la Kisomali linalotaja nywele ngumu na linalotumika kumtenga mtu kwa asili yake, na kwa kuwa usalama wa mtu katika jamii ya Kisomali hutegemea sana ukoo wake, wao hawakuwa na wa kuwatetea serikali ilipoanguka mwaka 1991. Wanamgambo wenye silaha walipora akiba zao za nafaka, wakaua na kubaka, na maelfu ya walionusurika wakakimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya. Katika miaka ya 1990 Tanzania na Msumbiji ziliombwa ziwapokee kama nchi za asili yao, lakini mpango huo haukufika mwisho, hasa kwa kuwa Tanzania ilikuwa imeelemewa na mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua watu wapatao 12,000, ambao mwaka 2002 walihamishiwa Kakuma kwa ajili ya usaili na mwaka uliofuata wakaanza kusafiri.

Filamu inawakuta katika hatua hiyo. Wakulima waliozoea jembe na mto wanaketi darasani kambini kufundishwa maisha ya mjini katika nchi ambayo hawajawahi kuiona. Baadaye mume na mke wenye watoto wengi wanahangaika na kazi, kodi ya nyumba na shule huko Springfield, na huko Atlanta mama anayelea watoto wake peke yake anajaribu kuwashika vijana wake wasimponyoke. Wapo wafadhili wanaowasaidia kwa moyo safi, lakini mtazamaji anaona wazi kwamba msaada unaweza kumpa mtu chakula na paa bila kumpa watu wa kumwita ndugu.

Sehemu ya pili ya historia hii, ambayo haimo katika filamu, iko Handeni. Baadhi ya Wazigua wa Somalia walisonga mbele hadi Tanzania, wakapokelewa katika kambi ya Mkuyu na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wakapewa ardhi ya kulima. Baada ya zaidi ya miaka 150 ya kutengana, waliweza kuzungumza na wenyeji kwa Kizigua, jambo ambalo ni ushahidi wa undugu usiohitaji hati. Hata hivyo hati nayo ilikuja, kwani kufikia mwaka 2009 Serikali ilikuwa imeanza kuwapa uraia wa Tanzania. Hapa kuna fundisho kubwa: mtu aliyetengwa hupokelewa kikamilifu pale upendo wa ndugu unapoambatana na haki ya kisheria na shamba la kumlisha, kwa maana undugu usio na haki humwacha mtu katika hali ya kuhurumiwa tu.

Korogwe nayo si ngeni katika historia ya filamu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Waingereza wa filamu za elimu kwa Waafrika ulitengeneza filamu 35 kuhusu mambo kama kilimo, afya na kodi, na ndani yake mtawala ndiye aliyesema na mwenyeji akafundishwa. Wazee wa Chogo wanastahili filamu iliyo kinyume cha hizo, ambayo wao wenyewe watasimulia kwa Kizigua walivyoondoka na walivyorudi. Vijana wa Handeni na Korogwe wenye simu na kamera, walimu wa shule na maofisa utamaduni wa wilaya waianze kazi hiyo sasa, wakati wazee walioliona bonde la Juba wangali hai.