Siku 14 za Kuitetea Nyumba ya Kale

Wakazi wengi wa miji yetu ya pwani huamini kwamba nyumba ikishakuwa kongwe, sheria inailinda. Nyumba nyingi za Kenya hazilindwi na umri wake. Kinachozilinda ni tangazo. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, Waziri hutangaza jengo au eneo katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi hupewa miezi miwili ya kuliwasilisha. Lamu ilikuwa imetangazwa tayari mwaka 1986, kabla ya sheria hii kuwapo, na miaka 15 kabla ya UNESCO kuuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Mji wa Kale wa Mombasa nao ni eneo la hifadhi. Lakini vuka barabara utoke nje ya mipaka hiyo, na nyumba ya miaka mia moja inaweza kuwa haina ulinzi wowote zaidi ya ule wa duka lililojengwa juzi.

Ugumu unaanzia kwenye Katiba ya 2010 yenyewe. Kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa ziliachwa mikononi mwa serikali kuu, na mipango ya ardhi na ujenzi ikakabidhiwa kaunti. Kwa hiyo anayetaka kuvunja nyumba ya ghorofa moja ili ajenge sita, au kugeuza nyumba ya kuishi iwe ya biashara, huomba kibali kwa kaunti, ilhali wataalamu wa urithi wako Makavazi ya Kitaifa. Ofisi hizo mbili zisipozungumza, jengo hupotea bila yeyote kuamua kwamba lipotee.

Na kimya chenyewe kina nguvu ya kisheria. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Naelewa sababu yake: wananchi walichoka kuzungushwa na maafisa. Kwa jengo la kale, hata hivyo, kanuni hiyo ni hatari kubwa, na kwa maoni yangu kimya cha kaunti hakiwezi kamwe kusimama mahali pa idhini ya Makavazi pale jengo lilipotangazwa.

Uamuzi ukishatolewa, njia ya rufaa iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria hiyo ya 2019 inamruhusu mwombaji, au mtu mwingine yeyote mwenye maslahi, kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14. Maneno hayo kuhusu mwenye maslahi ndiyo yanayomwingiza jirani: yule ambaye ukuta wake unashikana na nyumba inayovunjwa, au ambaye kisima chake kiko upande wa pili. Kamati nayo ina siku 14 za kusikiliza na kuamua, kisha asiyeridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wengi huruka kamati na kukimbilia mahakamani moja kwa moja, kwa kuwa mahakama inaonekana kuwa na uzito zaidi. Majaji wamewarudisha walalamikaji wa namna hiyo mara nyingi, wakisema wamalize kwanza njia iliyowekwa na sheria. Wakati huo siku 14 zimekwisha, na jengo limeshakuwa kifusi.

Rufaa hushinda kwa hoja za mipango. Kuandika kwamba babu alizaliwa humo kunagusa moyo, lakini kamati itauliza: urefu unaoombwa unalingana na mpango wa eneo? Maji taka yataelekea wapi? Kuta za jirani zitabebaje mtikisiko? Hapo ujuzi wa nyumba zetu unahitajika. Nyumba ya Mji wa Kale imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ikibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ukuta wa mawe hayo hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu hunaswa ndani, chokaa hulegea, boriti huoza. Kwa hiyo hata kibali cha ukarabati tu kinastahili kupingwa kikiruhusu saruji mahali pa chokaa, kwa sababu kitaua nyumba polepole chini ya jina la kuitunza.

Mwenye nyumba naye asionewe. Mara nyingi ni warithi kumi wenye hati moja, fundi wa chokaa ni ghali na nadra, na kodi ya ardhi haingoji. Kaunti inayomkatalia ghorofa sita bila kumwambia anachoweza kufanya, bila nafuu ya kodi wala fundi wa kumshauri, inamsukuma aiache nyumba iporomoke yenyewe. Ningependa kila barua ya kukataa ibebe pia ukurasa wa yale yanayoruhusiwa.

Jirani anayeona tangazo la maombi limebandikwa ukutani alipige picha siku hiyo hiyo, tarehe ionekane. Apeleke pingamizi la maandishi kaunti na nakala Makavazi, kila moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, kisha adai nakala ya uamuzi mara unapotolewa, maana siku zile 14 za rufaa zinahesabiwa kuanzia siku ya uamuzi.