Hizo klipu za kuwinda koyoti usiku: hivi ndivyo hao wasee huona gizani

Kama TikTok yako hukuletea vitu za ajabu saa nane usiku kama yangu, lazima umeona hizi klipu. Skrini yote ni kijivu, kanyama keupe kanakatiza shamba, halafu paa! Kameanguka. Hapo ni Marekani, mara nyingi Texas, na hako kanyama ni koyoti, kamtu ka ukoo mmoja na bweha wetu. Hukula kondoo, mbuzi na ndama, na sana sana hutokea usiku. Texas wanaruhusu kuwindwa usiku kwa shamba la mtu binafsi, bora mwenyewe akubali. Majimbo mengine sheria ni tofauti kabisa. (Na wewe wa Kajiado tulia, huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977.)

Sasa, hao huonaje? Wasio na doo mob hutumia tochi na darubini ya kawaida juu ya bunduki. Tochi yenyewe ni nyekundu ama kijani, si nyeupe. Macho ya jamii ya mbwa hayashiki nyekundu vizuri, so koyoti hashtuki haraka. Kijani humulika mbali zaidi kwa macho yetu sisi. Mwanga ukigonga macho ya mnyama yanang'aa kama taa za mathree, na hapo ndipo anajulikana ako wapi.

Darubini nayo watu hukosea wakidhani kubwa ndio kusema. Hesabu ni rahisi: chukua upana wa lenzi ya mbele ugawe na mara inazokuza. Lenzi ya milimita 50 ikikuza mara 8 inakupea mwanga wa upana wa kama milimita 6, karibu sawa na mboni ya jicho lako gizani. Peleka hadi mara 16 na unabaki na milimita 3. Picha inakuwa giza tu, bana.

Wenye ganji huenda na darubini ya joto. Hii haihitaji mwanga wowote, inasoma joto la mwili. Bei huanza kama dola 1,000 hivi na inaweza pita 5,000, yaani kuanzia laki na kitu ya Kenya. Angalia pikseli za sensa kwanza. Zile za kawaida ni 384 kwa 288 ama 640 kwa 512. Na usidanganywe na zumu ya kidijitali: ukikuza mara mbili kwa ile ya 640, umebaki na 320 kwa 256. Umekuza ukungu, maze.

Lakini risto yenyewe iko hapa. Kwa boksi wanaandika mashine inaona zaidi ya mita elfu. Kuona ni nini? Ni kajidoa ka joto. Kanaweza kuwa koyoti, mbwa wa jirani, ndama, ama mtu ameinama akirekebisha waya wa fensi. Joto halionyeshi rangi ya manyoya. Hata tochi haikuokoi, juu ng'ombe na mbwa pia macho yao hung'aa. Umbali wa kutambua ni mfupi sana kuliko ule wa kuona, na risasi ikishatoka hairudi. Mimi ningekuwa na hizo doo ningenunua sensa poa, niachane na mambo ya mita elfu.

Ndio maana wale wanaojua kazi hubeba mbili: kadarubini ka joto ka mkono ka kuzungusha shamba nzima, na ile ya bunduki. Ukikagua na ya bunduki pekee, maana yake umeelekezea mtutu kila kitu chenye joto huko nje, pamoja na nyumba ya mwenye shamba. Next klipu ikikuja, cheki bunduki iko wapi msee akiwa bado anatafuta.