Pizza nyeupe bila furu

Pizza nyeupe ni ile isiyo na tomati. Waitalia huiita pizza bianca. Tomati zikipanda bei, ndiyo tunayopika kwetu.

Jioni tunachanganya unga wa ngano gramu 500, maji mililita 350, chumvi kijiko kidogo 1, na levire robo tu ya kijiko kidogo. Hatukandi. Tunafunika hadi asubuhi, muda unafanya kazi ya mikono. Sisi tunaosahihisha madaftari usiku tunashukuru.

Asubuhi, nusu ya unga tunaitandaza ndani ya sufuria nzito iliyopakwa mafuta, na juu yake kitunguu saumu na jibini ya Masisi. Jibini ni ghali, gramu 100 zinatosha, ongezeni vitunguu. Makala machache chini, mengi juu ya kifuniko, dakika kama 20. Mara ya kwanza tuliweka mengi chini: watoto walikwangua jibini, mkate ukabaki mweusi kama mawe ya Nyiragongo.

Mbabula ikae nje, hata mvua ikinyesha. Hewa ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa inaua, na haina harufu ya kuwaamsha. Kateni pizza ingali moto.